Naomba ushauri: mgeni wetu wa Uswisi anataka kutupikia Krismasi

Habari zenu wapendwa. Hapa Moshi tunaishi na binti kutoka Uswisi, amekuja kujitolea. Mkesha wa tarehe 24 anataka kutupikia fondue chinoise: sufuria ya supu inachemka katikati ya meza, kila mtu anachovya kipande chembamba cha nyama kwa uma mrefu, kisha anakula na sosi. Tarehe 6 Desemba aliwapa wanangu kifuko cha karanga, machenza na chokoleti, kama Samichlaus wa kwao, yaani Mtakatifu Nikolasi anayewaletea watoto zawadi siku hiyo. Mdogo bado analala na kile kifuko. Nimeguswa sana.

Shida, buchani wanakata mapande makubwa tu. Niigandishe nyama kwanza ndipo niikate? Mezani nitumie jiko gani, watoto wakiwepo? Na mama mkwe hali nyama isiyoiva sana. Nimwandalie nini bila kumvunja moyo binti?