Tupeane uzoefu: wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, hasa mliosoma Mwanza na kandokando ya ziwa

Mwalimu Zamu

Habari za jioni, wadau. Nafundisha sekondari ya bweni hapa Mwanza, upande wa ziwani, na muhula huu nimekabidhiwa malezi na shughuli za wanafunzi. Kuna jambo linaniuma, nimeona nililete kwenu mnisaidie.

Siku hizi mtihani wa muhula ukiisha ni mbio tu. Karatasi ya mwisho inakusanywa saa tano, saa saba geti limejaa bajaji na bodaboda, magodoro yamefungwa kamba, jioni mabweni meupe. Ripoti mzazi ataipata baadaye. Sisi tulikuwa tunabaki. Walimu wanasahihisha, na wanafunzi wanaendesha shule wenyewe: usafi wa jumla, mechi za mabweni, mdahalo, ngoma, ibada na dua za kufunga muhula. Wenzangu wengi niliwajua katika siku hizo. Darasani nilijua sura zao na alama zao. Njuka mmoja, mgeni wa kidato cha kwanza, ambaye muhula mzima hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "ndiyo" ndiye aliyekuja kutuongoza kuimba, bweni zima likanyamaza kumsikiliza.

Nataka siku hizo zirudi shuleni kwangu. Mkuu wa shule ataniuliza mambo mawili: watakula nini, na nidhamu nani ataishika. Kwa hiyo naomba msiishie kusema ilikuwa raha. Mlifanya nini hasa, nani alisimamia, na kipi kiliharibika?

Bugobogobo

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma shule ya wavulana nje kidogo ya mji, na kwetu ilikuwa ni Bagika na Bagalu. Mabweni ya juu Bagika, ya chini Bagalu. Kwa wasiojua: hizi ni jumuiya mbili za ngoma za Wasukuma, zinashindana tangu enzi za waasisi wao, Ngika na Gumha, na mpaka leo zinakutana Bujora, pale Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni. Muhula wa kwanza unafungwa karibu na msimu huohuo, kwa hiyo sisi tulikuwa na Bulabo yetu uwanjani.

Utaratibu tuliuchukua vilevile ulivyo. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji ndio waamuzi: wanakimbilia kule kunakowavutia. Ukiona umati unaanza kukuhama, ongeza, la sivyo umekwisha. Hakuna wa kulalamika kuwa jaji kapendelea, maana jaji ni shule nzima, wapishi na walinzi wakiwemo.

Ngoma ya Bugobogobo inachezwa kwa majembe. Yetu yalikuwa ya shamba la shule, na tulikuwa tunagombania yale mazee ambayo bapa limelika limebaki nusu, kwa sababu jembe jipya ni zito kulirusha. Unalirusha kwa mkono wa kulia, linazunguka hewani mara moja, unaudaka mpini huku mguu umeshapiga hatua inayofuata. Ukilikodolea macho, mdundo umekupita. Mwalimu wa kilimo hakuruhusu mtu aguse jembe kabla hajafanya mazoezi ya kutosha na fimbo tupu, na yeye mwenyewe aliyahesabu yakitoka stoo na yakirudi. Sikumbuki mtu aliyeumia.

Sasa nidhamu, Mwalimu. Mazoezi yalianza mapema, jioni baada ya usafi. Ukikamatwa umetoroka au umekosa prepu, unaondolewa kwenye kundi, na kundi lako linapungukiwa mtu. Wenzako ndio waliokulinda usitoroke. Waalimu hawakuwa na kazi ya kutukimbiza.

Na isidhaniwe ni mambo ya Wasukuma peke yao. Manju wetu wa mwaka wa mwisho alitoka Tanga. Alikuja hajui hata kujibu "mwangaluka". Aliondoka anatunga nyimbo za Kisukuma na wazee wa kijijini wanakuja kumsikiliza.

Chakula kilitoka shambani. Uji asubuhi, mchana viazi vitamu na maharage. Viazi vinavunwa kipindi hicho, na vya ziada tulivikata na kuanika juu ya mawe yaliyozunguka shule, vikawa michembe ya muhula wa pili. Mawe ya Mwanza yanashika joto vizuri, jua likiwa kali michembe inakauka upesi.

Mama Watatu

Mwalimu, mimi ni mzazi na nakuunga mkono nusu. Wanangu wote wamesoma bweni. Siku zisizo na masomo ndizo ninazoziogopa kuliko zote.

Binti yangu wa pili, shule yao iliwapeleka disko la kufunga muhula kwenye shule ya wavulana. Waliahidiwa gari la kuwarudisha. Gari halikuja. Mabinti walitembea barabarani usiku, na mimi nilikuja kuambiwa likizo imekwisha. Mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini.

Ukitaka wazazi tukuelewe, kila kitu kiishe kabla ya jua kuzama, na matroni awepo mwanzo mpaka mwisho, asiwe wa kuonekana kwenye picha tu. Mwandikie mzazi ratiba. Mzazi akijua Jumatano ni mechi na Alhamisi ni mdahalo hatapiga simu kuuliza kwa nini mtoto hajatumwa nyumbani.

Mwalimu Zamu

Asante sana, mama yangu. Hilo la jua kuzama nimelichukua kama lilivyo. Disko sina mpango nalo. Muziki tutaupiga mchana bwaloni, milango wazi.

Mtoto wa Nansio

Mimi naomba niseme kuhusu siku yenyewe ya kufunga, maana hapo ndipo sisi wa visiwani tulipokuwa tunaumia.

Meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe, haisubiri hotuba. Shule niliyosoma, asubuhi ya kufunga ilikuwa na mkusanyiko mrefu: mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mgeni rasmi, kisha kutangazwa kwa wa kwanza mpaka wa kumi kila kidato. Sisi tumesimama mstarini, tranka ziko tayari getini, tunaangalia saa. Mwaka mmoja tulifika bandarini meli imeshaondoka. Wasichana, tranka, magodoro, na hela kamili ya nauli bila senti ya ziada. Mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa Kirumba, alikuwa anamfahamu shangazi wa mwenzetu, alituchukua wote. Tulilala chini kwenye chumba chake kimoja, akatupikia ugali na dagaa, asubuhi akatupeleka mwenyewe mpaka geti la bandari. Shule haikujua.

Na muelewe safari ya ziwa kwa wazazi wetu ni nini. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Tangu siku hiyo mama yangu hakula chakula siku ninayosafiri, mpaka anione nashuka. Ukimchelewesha mtoto wa kisiwani kwa ajili ya hotuba, umemtesa na mtu mwingine aliyeko ng'ambo.

Baadaye alikuja makamu mkuu mpya akabadilisha utaratibu. Wa visiwani tunapewa ripoti jana yake jioni, tunatoka kwanza, na mwalimu mmoja anatusindikiza mpaka tumepanda. Melini ilikuwa sherehe nyingine. Wanafunzi wa shule tofauti tofauti tunakutana, tunaimba mpaka Nansio, abiria wazima wanatuagiza nyimbo. Mwalimu, anza na hilo kabla ya ngoma.

Sengerema Kwetu

Dada, umenikumbusha kivuko cha Kigongo–Busisi. Foleni ya magari, jua, tranka juu ya keria. Tulikuwa tunafika nyumbani usiku na ni hapo ng'ambo tu. Wadogo zetu wamepata neema, Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, unapita kwa dakika chache.

Kemondo

Wa Bukoba sisi hatukuwa na shida ya hotuba, MV Victoria inang'oa nanga usiku na asubuhi uko nyumbani. Shida ilikuwa miaka ile meli imesimama, kabla haijarudi majini mwaka 2020. Siku nzima kwenye basi.

La kukupa Mwalimu: muhula wa pili unafungwa msimu wa senene. Kwetu bweni zima lilituagiza, na Januari mtu hakupokelewa mlangoni kama hana kopo. Ndivyo vijana wa Mara na Shinyanga walivyojua kula senene. Tengeneza siku moja kila kanda ilete chakula chake, hata kidogo kidogo. Wakurya kwetu walileta kichuri, watu wakakimbia kwanza, baadaye wakarudi na sahani.

Kirumba Mwaloni

Mbona mnaongelea bweni tu? Sisi wa kutwa tumesahaulika tangu tukiwa shuleni. Siku ya kufunga kwetu ilikuwa kuchukua ripoti, kufyeka nyasi na kuambiwa nendeni.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa baiolojia aliyekuwa mlezi wa Malihai, klabu ya wanafunzi ya mazingira na wanyamapori. Kila mwisho wa muhula alitupeleka Kisiwa cha Saanane. Ni hapo tu mbele ya Capri Point, dakika chache kwa boti, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa kamili. Darasa letu lilikuwa na watoto wa Mabatini na Igogo, wamezaliwa wanaliona ziwa kila asubuhi kutoka mlimani, na wengi wao hawajawahi kupanda boti. Kuna msichana alishika mkono wangu kwa nguvu kutoka gati mpaka kisiwani, hakufumbua macho. Kurudi alikaa mbele kabisa, akatuonyesha kwao kwa kidole: kale kanyumba ka bati jekundu juu ya jiwe. Sote tukawa tunatafuta nyumba zetu. Kutokea majini Mwanza inaonekana yote, milima, mawe, nyumba zimepandana. Nilikuwa sijajua naishi mahali pazuri kiasi kile.

Mwalimu alitusimamisha mbele ya pimbi waliokuwa wanaota jua kwenye miamba, akatuambia ndugu wa karibu wa mnyama huyu ni tembo. Tulimbishia mpaka akatuonyesha kwenye kitabu. Swali la pimbi silisahau mpaka leo, na maswali ya mtihani ule nimeyasahau yote.

Kuogelea alikataza kabisa, kwa sababu ya kichocho. Boti ilikuwa na maboya ya kutosha, na kabla ya kuondoka alihesabu watoto na maboya. Hata hao wenye mabweni, Mwalimu, wapeleke.

Kalamu Nyekundu

Mdahalo. Usiuache. Kwetu wanafunzi walichagua mada na walimu wakawa upande wa kupinga. Mwaka wetu mada ilikuwa "Adhabu ya viboko iondolewe shuleni". Sharti lilikuwa moja, na mkuu wa shule alilisoma mwenyewe kabla hatujaanza: hakuna mwanafunzi atakayeulizwa baadaye kuhusu alichosema humu. Na hakuulizwa mtu. Kijana wa kidato cha pili alisimama akaeleza anavyojisikia mwalimu anapomchapa kabla hajamuuliza, ukumbi ukawa kimya, na mwalimu wa nidhamu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Muhula uliofuata alikuwa anauliza kwanza.

Angalizo jingine: kidato cha nne wana mtihani wa taifa, NECTA, Novemba. Muhula wa pili hawa wasiingizwe kwenye ratiba yako, watakuwa wameshamaliza au wako katikati ya mtihani. Wao waage kwenye mahafali yao.

Mwalimu Zamu

Wadau, nimekaa naandika. Kalamu Nyekundu, hilo sharti nitalipeleka kwa mkuu neno kwa neno. Niwaulize kuhusu fedha: tangu elimu bila ada ianze 2016 siwezi kumwambia mzazi alete mchango wa lazima. Boti ya Saanane na chakula cha siku za ziada, nyie mlipata wapi?

Mtoto wa Matroni

Shikamoo Mwalimu. Mama yangu alikuwa matroni, nimekulia kwenye nyumba ya shule, kwa hiyo nimeona kufunga shule kutokea upande mwingine.

Klabu ya kilimo ilikuwa na bustani ya mchicha na nyanya karibu na bomba la maji machafu ya jikoni. Waliuza kwa walimu na kwa majirani muhula mzima. Fedha ile ndiyo iliyolipa boti, mipira, na zawadi. Lakini fungu la kwanza lilikuwa la nauli.

Kila tulipofunga kulikuwa na wanafunzi wasioondoka. Wengine wanakaa kitandani wanasema kaka anakuja kunichukua. Mama alishajua hakuna kaka anayekuja, nauli haikutumwa. Alikuwa anawaita nyumbani mmoja mmoja, kana kwamba anawatuma kazi, anawapa chai, na anawawekea nauli ndani ya bahasha ya ripoti. Hakuna mwanafunzi mwenzao aliyejua. Wale ambao nyumbani kwenyewe hapaendeki, walibaki kwetu likizo nzima, tukala nao, tukachota nao maji. Mmoja ni kaka yangu mpaka leo, ndiye aliyenisindikiza siku ya harusi.

Kwa hiyo Mwalimu, ukipanga hizo siku zako, katikati ya mechi na ngoma mwambie matroni apite kitanda kwa kitanda aulize nani hana nauli. Siku hizo za ziada ndizo zilizompa mama nafasi ya kujua. Wangetawanyika siku ya mtihani, asingejua.

Mwalimu Zamu

Mdogo wangu, hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Fedha ya bustani alitunza nani? Mkuu wangu ataniuliza hilo kabla ya jingine lolote.

Mtoto wa Matroni

Mama na mweka hazina wa klabu, daftari moja, sahihi mbili kila mauzo. Mwisho wa muhula linasomwa mstarini mbele ya wote, isipokuwa ukurasa wa nauli. Huo anausoma mkuu wa shule peke yake.