Makaburi ya kale ya pwani: tuchunguze mifupa ya wazee wetu au tuiache ilale?

MLETA MADA:

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa dini, ukoo na elimu kwa mpigo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya kale ya pwani: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Mazungumzo yote yaliyofuata yakawa ya asili. Nani Mwajemi, nani Mwafrika, nani kachanganya. Mimi nataka tuulize jingine: watu hawa walikula nini, waliugua nini, na watoto wao walikua vipi?

Kwa maandishi tunajua kidogo mno. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331 akaandika kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka nje ya kisiwa. Tunamnukuu mpaka leo, na mwenyewe anasema alilala pale usiku mmoja. Habari za Kilwa zilizoandikwa zinataja masultani na ugomvi wao. Mama aliyekuwa akitwanga uwele hakuandikwa, wala kijana aliyebeba mawe ya matumbawe kujengea majumba ya matajiri. Watu wa namna hiyo hawakuacha barua wala hati. Walichoacha ni miili yao.

Na mwili unahifadhi mengi. Chukua jino moja la mbele. Gamba lake gumu hujengeka utotoni, tabaka juu ya tabaka, na likishakamilika halijirekebishi tena. Mtoto akipata njaa kali au homa ya muda mrefu, ujenzi husimama kidogo, kisha huendelea. Pale uliposimama hubaki mfereji mwembamba unaokata jino kwa upana, unaoweza kuupapasa kwa ukucha. Mtu anaweza kufa ana miaka 50, na jino lake bado likaonyesha kwamba aliumwa sana akiwa na miaka mitatu. Paa la tundu la jicho likiwa na vitobo vidogo vidogo kama sponji, mara nyingi ni dalili kwamba alipungukiwa damu utotoni, jambo ambalo kwenye pwani yenye malaria na minyoo lina uzito wake. Kifua kikuu kikifika mgongoni hula pingili mpaka zinaporomoka. Ukoma unakula mfupa wa pua na vidole. Hata ukoga uliogandana kwenye meno hunasa chembe za wanga wa chakula alichokitafuna.

Msimamo wangu: mifupa ichunguzwe, lakini wenye makaburi ndio waamue, na ikimaliza kuchunguzwa irudi ardhini. Karibuni.

MCHANGIAJI WA LAMU:

Ndugu yangu, nimekusoma vizuri, na sina ugomvi na elimu. Lakini hawa unaotaka wachunguzwe ni maiti wa Kiislamu. Wamelazwa kwa ubavu wa kulia, wameelekezwa kibla, wakasaliwa. Katika hadithi aliyoipokea Bibi Aisha, Mtume (s.a.w.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai. Sasa huyo mtaalamu anayesaga jino apate unga wa kupima, anafanya nini? Na ridhaa kaipata kwa nani? Aliyelala pale hakuulizwa. Mimi nikija kuruhusu kwa niaba ya mtu aliyekufa miaka 600 kabla yangu, nimepata wapi mamlaka hayo? Ukitaka kujua walikula nini, chimba jaa lao. Miba ya samaki imo, maganda ya kome yamo, mbegu zilizoungua zimo.

MWANAFUNZI WA AKIOLOJIA, DAR:

Shikamoo mzee wangu wa Lamu. Hoja ya jaa ni ya kweli, na ndiko tunakoanza kila mara. Shida ni kwamba jaa ni la mji mzima, linachanganya kilichotoka jumba la mawe na kilichotoka kibanda cha udongo. Linakuambia samaki waliliwa, halikuambii nani aliwala na nani aliishia kuwasafisha.

Tofauti hiyo imo kwenye mfupa. Mtama na uwele hubeba kaboni nzito kwa kiwango kikubwa kuliko mpunga, ndizi au viazi vikuu, na kaboni hiyo huingia mwilini mwa mlaji. Nitrojeni nzito nayo hupanda kila kiumbe kinapokula kingine, hivyo mla samaki wakubwa huonekana, na mtoto anayenyonya huonekana pia. Meno yakipimwa kwa tabaka unaweza kukadiria aliachishwa ziwa lini. Mfupa wa mtu mzima unaonyesha wastani wa miaka kumi au zaidi ya kula kwake, si mlo wa usiku mmoja wa mgeni.

Ila mleta mada, nawe umerahisisha. Kwanza, samaki wa baharini nao hupandisha kaboni nzito kama uwele unavyofanya, na samaki wa kwenye miamba na nyasi za bahari wakati mwingine wana nitrojeni nzito kidogo, kwa hiyo pwani yetu ni ngumu kuisoma kuliko bara. Joto na unyevu navyo huharibu kolajeni, yaani protini ya mfupa tunayoipima, na mara nyingine unasaga kipande halafu hupati kitu. Kipande hicho hakirudi. Pili, na hili watu wengi hulikosea, mfupa wenye alama si lazima uwe wa mtu dhaifu. Kipindupindu humwua mtu kwa siku chache na hakiachi chochote mfupani. Mwenye mifereji kwenye meno ni yule aliyeugua akapona, akaendelea kukua. Wataalamu walilijadili hili kwa ukali tangu mwaka 1992. Kwa hiyo kaburi lenye mifupa misafi linaweza kuwa ndilo la watu waliokufa haraka.

MCHANGIAJI WA MOSHI:

Mimi naomba niwarudishe bara. Kwetu Uchagani hapo zamani fuvu la mzee lilifukuliwa baada ya muda na kuwekwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa heshima, kwenye masale, mmea wetu wa heshima. Kufukua peke yake hakukuwa dhambi kwetu, ila mfukuaji alikuwa mtoto wake.

Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale, huko Old Moshi, na wazee wanasimulia kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Enzi hizo mtaalamu wa Kijerumani wa makumbusho, Felix von Luschan, alikuwa anakusanya mafuvu Berlin kwa maelfu, nayo yakapimwa kwa jina la sayansi vilevile. Mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliishia kwenye makusanyo ya huko. Mwaka 2023 ndipo ikatangazwa kwamba matatu yamepatiwa jamaa walio hai kwa kupima vinasaba, mojawapo la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. La Mangi mwenyewe halikuwamo. La Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tunachunguza afya ya kale", swali langu ni moja: mfupa utalala wapi usiku wa leo?

MLETA MADA:

Nashukuru sana. Mdogo wangu wa Dar, nimekubali marekebisho yote mawili.

Kaka wa Moshi, hilo swali lako ndilo hasa. Lakini ona kwamba kipimo hichohicho ndicho kilichompa yule akida ndugu zake. Ubaya wa Luschan ulikuwa kuchukua bila kuuliza, na kupima ili kuwapanga watu kwa madaraja. Kumwuliza mfupa kama mtoto huyu alishiba ni swali la namna nyingine kabisa, na linahitaji adabu nyingine.

Mzee wangu wa Lamu, hadithi uliyoitaja siwezi kuipita kwa maneno mepesi. Nataka nikukumbushe Mtwapa tu. Prof. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia, alikaa na watu wa pale miaka kabla ya kugusa makaburi, na wakaridhia kwa sharti kwamba mifupa ichunguzwe palepale na kuzikwa tena. Hawakudai kumsemea marehemu. Walisimama kama walinzi wa kaburi, kama wanavyosimama mvua au bahari inapolifukua na inabidi mtu aamue. Na bahari inakula makaburi ya pwani yetu kila mwaka, mzee wangu. Hayo angalau tukubaliane kwamba mifupa yake isomwe kabla haijasombwa?

Nitaongeza sharti la tatu ambalo sijaona likipewa uzito: majibu yaletwe kwanza msikitini na barazani, kwa Kiswahili, kabla ya kwenda kwenye jarida. Bibi wa Faza ana haki ya kusikia kabla ya msomaji wa London kama watoto wa mji wake walikuwa wakipungukiwa damu miaka 500 iliyopita.

MCHANGIAJI WA LAMU:

Kwa makaburi yanayoliwa na bahari, hapo nakubali, maana kuyaacha nako ni kuyapuuza. Kutazama mfupa kwa macho na kuupima kwa rula, sina neno. Kusaga, bado sijaridhika, na ningependa masheikh wetu waketi walitolee kauli badala ya kila mtafiti kuja na barua yake. Hayo mengine yaliyo mahali pake, kavu na salama, yaacheni.