Naomba ushauri: Vejer de la Frontera na mama mwenye magoti mabovu

Wakuu, habari zenu. Tunaishi Ujerumani, na mwezi wa tisa tunataka kumpeleka mama mapumziko kusini mwa Hispania, mkoa wa Cádiz. Nimeupenda mji wa Vejer: nyumba zote zimepakwa chokaa, juu ya kilima cha mita 200 hivi, na bahari iko kilomita kama kumi tu.

Shida ni magoti ya mama. Vichochoro vya Vejer ni vya kupanda na kushuka, na nasikia mabasi mengine huwashusha abiria La Barca, chini kabisa ya kilima. Huko si mahali pa kumwambia mzee "jikaze". Je, tukodi gari, au tulale El Palmar pwani na kupanda mjini jioni tu?

Pia levante, ule upepo wa mashariki: ukivuma, ufukwe wa Bolonia unakalika kweli, au ni mchanga machoni? Mimi nataka sana kuona magofu ya Kirumi ya Baelo Claudia pale pale. Mke wangu anawaza samaki jodari wa Barbate tu.

Aliyewahi kufika anisaidie. Natanguliza shukrani.