Wauza shanga mnaotupiga plastiki kwa bei ya kioo cha zamani, mmezidi sasa!

Wakuu habari za sa hizi. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Huu uzi unawahusu nyie mnaouza shanga, nyuzi na vifungio huko kwenye kurasa zenu, na wengine mna fremu kabisa Kariakoo, mnaweka picha nzuri mnaandika "za kizamani, kioo orijino cha Ulaya", mtu akishatuma hela analetewa uchafu.

Iko hivi. Binti wa mama yangu mdogo anaolewa na anataka avae mkufu kama aliovaa bibi yetu kwenye picha ya harusi yake, miaka ya 60 hiyo. Ni uzi mmoja wa shanga za duara rangi ya damu ya mzee, nyuma ya shingo ndogondogo zinakua taratibu mpaka kubwa moja inayokaa katikati kifuani, na kati ya kila ushanga na mwenzake kuna kifundo. Wanaotunga wanaujua mtindo huo na wanajua vile vifundo si mapambo tu. Vinazuia shanga zisisagane, na siku uzi ukikatika inadondoka moja, mkufu wote haumwagiki sakafuni. Kazi ya kukaa nayo mezani na taa, lakini ikitoka imetoka.

Sasa kwa mkufu wa hivyo lazima upate kioo. Kioo kina uzito, kinalala kwenye shingo, kinashika mwanga kwa ndani. Plastiki inaelea elea tu juu ya nguo na kila ukigeuka inageuka upande wake. Kwahiyo nilimuuliza muuzaji mara mbilimbili, ni kioo? Akajibu ndiyo dada, ni kioo cha Czech, mzigo wa zamani, hautaupata tena. Bei ikaendana na hayo maneno, nikalipa.

Pakti imekuja, zile zinazoonekana kwa mbele kweli ni kioo. Unazishika zina ubaridi, ukigonga kwenye jino zinalia kavu. Nimezimwaga kwenye sahani, za chini yote plastiki jamani! Nyepesi, zina uvuguvugu mkononi, pembeni ya tundu kuna ukoko wa plastiki iliyobaki kwenye kalibu. Nikachukua pamba nikaichovya kwenye asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha nikafuta ushanga mmoja. Pamba ikatoka nyekundu na ushanga wenyewe ukaanza kunata vidoleni. Kioo hakinati kwa asetoni hata ukikilaza humo usiku kucha. Nikapasha sindano moto nikagusa karibu na tundu, ikazama, harufu ya beseni lililoungua. Kwahiyo huyu mtu alikaa chini, akachagua za kioo akazipanga juu ili mteja akiangalia kwa nje aridhike. Ule ni wizi wa kupangwa, na nikimtumia picha ananijibu "mbona wenzio wanachukua na hawasemi" halafu ananiblock. Hela yangu iko kwake mpaka muda huu.

Na wanaolia si mimi peke yangu, kila ninayemgusa kwenye hii kazi ana lake. Mmoja kauziwa "kaharabu", ule utomvu wa miti wa kale uliogeuka kama jiwe, ikawa plastiki ya njano. Kwenye pwani hii hii ambayo sandarusi, nayo utomvu wa miti uliogandia ardhini, ilichimbwa na kusafirishwa kwa majahazi, leo mtu anauziwa utomvu wa uongo na anaambiwa ni wa mababu. Mwingine kaagiza namba 8 kaletewa 11. Kwa wasiojua, kwenye zile shanga ndogo namba ikipanda ushanga unapungua, namba 6 ni kama milimita 4, namba 8 kama 3, namba 11 kama 2. Sasa umeshapiga hesabu ya mchoro wako, umeshapima shingo ya mteja, unaletewa saizi nyingine na muuzaji anakwambia "zinakaribiana". Zinakaribiana wapi? Kwenye mkufu wa sentimita 45 hiyo milimita moja inakula shanga nyingi mno, pakti uliyoilipia haifiki hata upande wa pili wa shingo.

Tuje kwenye uzi. Hapa ndo mnanimaliza kabisa. Mtu anataka kutunga shanga nzito za kioo mnamuuzia mpira ule wa kuvutika, wa bangili za watoto. Mpira unavutwa na uzito kila siku, unalegea, kati ya shanga panabaki nafasi tupu, mwisho unakatika kwenye daladala. Au mnatoa nailoni ya kuvulia samaki mnasema hiyo ndo imara. Ni imara baharini, ila shingoni imekakamaa, mkufu unasimama badala ya kulala, na ikikaa kwenye jua na jasho inakauka na kupasuka. Kwa mkufu wa vifundo ni hariri, au nailoni laini iliyosokotwa, unapaka nta ya nyuki kidogo usichambuke. Unafunga kifundo kilegevu, unaingiza sindano ndani ya kitanzi, unakisukuma na hiyo sindano mpaka kikae kwenye mdomo wa ushanga, ndo unachomoa sindano unakaza. Ukikaza kabla hakijafika kinabaki njiani na hukitoi. Sasa hayo utayafanya vipi na uzi wa cherehani ambao mtu kaukunja kwenye kadi nzuri akaandika hariri? Nimeuchoma ncha kwa kiberiti, umeyeyuka ukawa kidonge cheusi kigumu. Hariri ikiungua inanuka nywele na inabaki majivu unayasaga kwa vidole.

Na nyie mnaofundisha kwenye video naomba mnisikie pia. Acheni kuwaambia watu wamalizie kifundo kwa supaglu! Supaglu ikikauka inaufanya uzi kuwa mgumu na unakatika palepale gundi ilipoishia. Kuna gundi za vito zinazobaki laini, au rudisha uzi ndani ya shanga mbili tatu na vifundo vidogo. Mnajua hilo, ila video ya dakika moja inataka kuisha haraka.

Vifungio nitasema kifupi. Chuma cha bei ya chini chenye nikeli ukikipaka rangi ya dhahabu bado ni nikeli, rangi ikiisha wapo watu shingo inatoka vipele na kuwasha. Ulaya wameiwekea nikeli kikomo kwenye vitu vinavyogusa ngozi. Huku kwetu mnauza mnasema "haichuji", wiki mbili kimegeuka kijani.

Kinachoniuma zaidi ni lile jibu lenu la kila siku, "wabongo hawajui tofauti". Nani kawaambia? Shanga kutoka India zimefukuliwa Kilwa Kisiwani, watu wa pwani hii walikuwa wanavaa na kuchagua miaka mingi kabla ya wazungu kufika. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba mizigo na mizigo ya shanga za Venice (Italia) na Bohemia (Czech ya leo) kununulia chakula njiani. Stanley, yule msafiri mzungu aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipofika Zanzibar 1871 kutafuta vifaa vya safari ilibidi aulize ni shanga gani zinatakiwa wapi, kwasababu huku wanataka nyekundu, kule wanataka nyeupe, na ukifika na rangi wasiyoitaka hawachukui hata kama una njaa. Hao walikuwa wateja, na walikuwa wanaheshimiwa na mfanyabiashara maana asipowasikiliza analala na njaa porini. Leo wajukuu zao mnatuona hatuna macho.

Na ujue mnawaua watu. Kuna akina mama wanatunga nyumbani, ndo ada ya watoto inatokea hapo. Wanauza mkufu kwa mtu anayewaamini, baada ya mwezi rangi ya shanga imehamia kwenye kola ya nguo nyeupe, uzi umekatika, lawama anabeba mama wa watu. Mteja hatorudi, na atawaambia na wenzie kwamba vitu vya mkono ni feki. Yule aliyeuza plastiki yupo kwenye ukurasa mwingine kwa jina jingine.

Ninachotaka ni kidogo tu. Ukiuza plastiki andika plastiki, wapo wanaoitaka na kuna kazi inaifaa. Ukiuza kioo kipya cha China andika hivyo, wala si dhambi. Weka saizi kwa milimita, piga picha ya shanga zikiwa zimemwagwa kwenye sahani, si pakti kwa mbele. Na mteja akirudisha mzigo usiofanana na maelezo, rudisha hela yake.

Harusi ipo karibu na nimebaki na zile chache za kioo zilizopangwa juu, hazifiki hata robo ya mkufu. Mwenye kumjua muuzaji wa kioo kweli kweli, rangi ya damu ya mzee, milimita 6 mpaka 12, na uzi wa hariri wenye sindano yake, aweke hapa eneo na bei. Na kama ulishanunua kwake sema ulinunua lini na mkufu ukoje mpaka leo, maana matangazo sitaki tena.