Tupeane uzoefu: kamera ya bei nafuu ya kushuti video za muziki nyumbani

Mwanzisha uzi, Morogoro

Wakuu, salaam. Vijana wengi wananifuata na swali moja: "Kaka, nina laki saba, ninunue kamera gani nishuti video ya wimbo wangu hapa nyumbani?" Mtaani wanatajiwa jina la kamera basi, wanaondoka. Naomba hapa kila mmoja aseme anaimba nini, anashutia wapi, na kamera yake imemfaa au imemkwamisha vipi.

Naanza. Mimi na mke wangu tunatengeneza nyimbo za injili, tunashutia sebuleni. Tunatumia Canon 600D, kamera iliyotoka mwaka 2011. Tuliipata ikiwa imetumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55 (milimita; inavutika toka picha pana hadi ya karibu), kwa laki sita na nusu. Kabla ya kwenda dukani tulijiuliza kwanza: sauti itatoka wapi? Wimbo wetu unarekodiwa studio, halafu siku ya kushuti tunaufungulia kwenye spika, mke wangu anaufuatisha. Sauti inayoingia kwenye kamera inatuongoza tu kulinganisha midomo wakati wa kuediti, kisha tunaizima. Kama kazi yako ni ya plebaki namna hiyo, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya maiki. Peleka hela kwenye lenzi na taa.

Sisi tuliongeza lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingiza mwanga ni pana zaidi). Ile ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho tundu lake linaishia f/5.6, kwa hiyo hii ya 50 inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Sebule yenye dirisha moja, hiyo tofauti unaiona hapohapo: ngozi inatoka safi, chenga zinapungua. Ila kwenye chumba kidogo inakupa uso na kifua tu. Ukitaka mtu mzima toka kichwa hadi miguu, unarudi kwenye 18-55.

Jambo moja lijulikane mapema: 600D haifuatishi fokasi yenyewe wakati inarekodi. Mwimbaji akisogea mbele, anafifia. Mimi nabonyeza kitufe cha kukuza picha kwenye skrini, mara tano au mara kumi, nazungusha lenzi kwa mkono mpaka kope za macho zionekane moja moja, ndipo narekodi. Na yeye anabaki palepale.

Mpiga kinanda, Tanga

Ahsante kwa uzi, kaka. Kwetu mambo ni tofauti kabisa. Sie tunapiga taarabu mubashara, sauti ya siku hiyo ndiyo inayobaki. Kwa hiyo tundu la maiki kwetu ni lazima. Kuna duka nilisifiwa Sony a6000, na kweli fokasi yake ni ya haraka na picha yake nzuri. Nikaigeuza huku na huku kutafuta pa kuchomeka maiki: haina. Nikaiacha, nikachukua Canon 700D iliyotumika. Ina tundu la maiki, na inafuatisha fokasi yenyewe ukiwa na lenzi ya STM (aina ya lenzi za Canon zenye mota tulivu ya fokasi), ingawa polepole.

Na wenye nyimbo ndefu mnisikilize. Hiyo 600D ya kaka faili likifika GB 4, kama dakika kumi na mbili hivi za video safi, inasimama yenyewe mpaka ubonyeze tena. Kwa bongo fleva si neno. Kwa taarabu umeukata wimbo pale ambapo watu wameanza kutunza! 700D inafungua faili jingine na kuendelea, mpaka karibu nusu saa.

Pamoja na hayo, sauti yenyewe naichukua kwa kinasa cha pembeni, Zoom H1n. Kabla ya kuanza mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kuediti unaoanisha lile kofi la kamera na la kinasa.

La pili ni kuvu. Huku pwani unyevu unakula lenzi. Ukienda kununua kilichotumika, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika tochi ya simu kutokea upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo, rudisha, hata ukipunguziwa bei. Ya kwangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na vipakiti vya silika ndani.

Mwana-kwaya, Mwanza

Sisi kwaya yetu tunatumia simu na hatujajuta. Shida iliyotusumbua ilikuwa midomo: mwanzoni mwa wimbo inalingana, ubeti wa tatu imeachana na sauti. Kumbe simu nyingi hazirekodi fremu (picha zinazounda video) kwa kasi moja, zinapunguza na kuongeza kufuatana na mwanga. Dawa niliyopata ni kuipitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta, nikachagua kasi ya fremu isiyobadilika. Baada ya hapo midomo inakaa sawa mpaka mwisho. Pia gusa uso wa mwimbaji kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo picha inang'aa na kufifia kila mtu akinyanyua mkono.

Produsa wa nyumbani, Nakuru

Habari zenu. Mimi nina Canon M50, nilinunua ikiwa imetumika. Wauzaji wanaisifu kwa 4K (video yenye picha kali zaidi), lakini kwa chumba chako cha kulala hiyo 4K haikufai: ukiiwasha picha inakatwa pembeni, unajikuta umebanwa na ukuta mgongoni na bado msanii hatoshei. Tena ile fokasi yake nzuri haifanyi kazi kwenye 4K. Irudishe kwa 1080 (HD ya kawaida) na utaipenda. Inashika uso na haiuachi hata msanii akicheza.

Kitu kingine. Kama kamera imetoka Marekani au Japani, kuna uwezekano menyu yake iko kwa NTSC (mfumo wa video wa huko), inakupa fremu kama 24, 30 na 60 kwa sekunde, si 25 wala 50. Stima yetu ni ya hertz 50, Kenya na Tanzania sawa. Ukishuti chini ya balbu za bei rahisi utaona mistari mipana ya giza ikipanda ukutani taratibu. Ingia kwa menyu, badilisha kuwa PAL (mfumo wa kwetu) kama kamera inaruhusu, chagua fremu 25, kisha weka shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50. Mistari inapotea. Hii ni bure, na imeokoa kamera nyingi ambazo wenyewe walidhani ni mbovu.

Msanii, Temeke

Naongezea kuhusu slow mosheni. Weka fremu 50, fungulia wimbo kwa kasi mara mbili, imba midomo kwa kasi hiyohiyo. Kwenye kuediti punguza klipu kwa nusu: mwili unaenda taratibu, midomo inalingana na wimbo wa kawaida. 600D na 700D zinatoa fremu 50 kwa 720 tu (picha yenye ukali mdogo kuliko 1080), M50 inatoa kwa 1080. Fanya kwenye kiitikio. Mistari ya rap hutaiweza.

Na memori kadi feki zimejaa. Ukinunua, ipime kwa H2testw kwenye kompyuta ya Windows: inajaza kadi nzima kisha inasoma upya ilichoandika. Nilipewa kadi iliyoandikwa GB 64 ikagundulika ni ndogo mno. Muuzaji alibadilisha kwa kuwa nilirudi na risiti.

Dada wa Iringa

Jamani, mimi nina laki tatu tu na simu ya kawaida. Naimba na gitaa, hapa chumbani. Nisubiri?

Mwanzisha uzi, Morogoro

Usisubiri, dada yangu. Kwa hela hiyo usinunue kamera. Chukua stendi imara isiyotikisika, na taa moja ya LED. Kwa kuwa unaimba mubashara na gitaa, ongeza maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, na uhakikishe plagi yake inaingia kwenye simu yako. Shuti asubuhi, dirisha liwe ubavuni mwako, si mgongoni; jua likiwa kali tundika shuka jeupe dirishani. Siku ukipata kamera, stendi na taa vitahamia huko. Klipu ya kwanza ikiwa tayari ilete hapa tuitazame pamoja, na utuambie ni simu gani.