Mbona Warohingya walifukuzwa Myanmar baada ya uchaguzi, wakati jeshi lilishatoka?

MwanaMikindani
Habari za jioni wakuu. Kuna swali linanisumbua wiki nzima. Kijana wangu yuko kidato cha sita hapa Mtwara mjini, juzi umeme umekatika tumekaa barazani akaniuliza, baba hivi Myanmar si walitoka kwenye utawala wa jeshi wakapiga kura, sasa mbona Warohingya, wale Waislamu wa jimbo la Rakhine, zaidi ya 700,000 wamelikimbia jeshi wakaenda Bangladesh mwaka 2017, wakati ile kura ilishapigwa 2015? Nikabaki kimya. Mi nilichokuwa najua ni yule mama mpinzani wa jeshi, Aung San Suu Kyi, tulikuwa tunamsikia redioni miaka na miaka, kafungiwa nyumbani kwake, kapewa Nobel 1991, nilimweka fungu moja na Mandela. Alafu Disemba 2019 namuona kwenye tv yupo mahakamani The Hague anaitetea nchi yake kwenye kesi ya mauaji ya kimbari ya Warohingya, kwa kazi ya wanajeshi walewale waliomfungia. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma. Sasa sitaki kumwambia mtoto kwamba kura haina maana. Anayelielewa hili jambo anieleweshe taratibu tafadhali.

Nachingwea77
Mkuu kwanza tuliweke sawa, jeshi halikutoka. Walivua gwanda wakavaa mashati. Rais wa 2011, Thein Sein, alikuwa jenerali. Katiba ya 2008 waliandika wao, robo ya viti bungeni ni vya wanajeshi hakuna anayewapigia kura, na kubadilisha vifungu vikubwa inatakiwa zaidi ya asilimia 75, piga hesabu mwenyewe. Wizara ya ulinzi, ya mambo ya ndani na ya mipaka, mawaziri wake wanatoka kwa mkuu wa majeshi. Kwahiyo mama alivyoshinda 2015 hakuwa na amri hata kwa polisi wa mtaani. Na urais hakupewa maana wanae ni raia wa Uingereza, katiba inakataza.

Aliyemtafutia upenyo, kikaundwa cheo kipya cha mshauri wa taifa, ni mwanasheria wa chama chake, U Ko Ni, Muislamu huyo, na alikuwa anahangaika na namna ya kuibadili ile katiba. Tarehe 29 Januari 2017 katoka uwanja wa ndege wa Yangon, yupo nje kambeba mjukuu wake, mtu akamjia kwa nyuma akampiga risasi ya kichwa. Mtoto yuko mikononi. Dereva teksi mmoja akamkimbiza muuaji na yeye akapigwa akafa. Nikisikia watu wanasema tu "mama alinyamaza" huwa nakumbuka hiyo, ingawa kunyamaza kwake mi sikukubali na wala sitakubali, maana The Hague hakulazimika kwenda yeye mwenyewe.

Sasa kuhusu Warohingya wenyewe. Hawakuanza kufukuzwa 2017, 1978 walikimbia kama 200,000, 1991 na 1992 tena kama 250,000. Katikati hapo ikaja sheria ya uraia ya 1982, inayoangalia makabila yanayotambulika, ambayo serikali inasema yapo 135, Warohingya hawamo. Walibakiziwa kadi nyeupe za muda, na kwa hizo kadi 2010 wengi walipiga kura. 2015 kadi zikafutwa. Ule uchaguzi dunia nzima ilioushangilia, wao ndo waliwekwa nje ya mlango! Walikuwa na mbunge, Shwe Maung, amekaa bungeni miaka mitano, akaambiwa hawezi kugombea tena eti wazazi wake hawakuwa raia. Na chama cha mama hakikusimamisha mgombea Muislamu hata mmoja nchi nzima. Mwambie kijana kura ilikuja kweli, ila daftari la nani ni mwananchi halikuguswa, na walioshinda nao wakaona waliache hivyohivyo.

Lindi_Kwetu
Mnazunguka sana, ule ni udini tu. Kwasababu ni Waislamu basi.

Msomaji wa Masasi
Udini upo tena mkubwa ila ukiishia hapo utakosa nusu ya habari ndugu yangu. Wakachin kule kaskazini wengi wao ni Wakristo, walikuwa na mkataba na jeshi wa kusimamisha vita miaka 17, ukavunjika Juni 2011, miezi michache tu baada ya serikali ya kiraia kuapishwa. Wakaren, kabila jingine, wanapigana na serikali tangu 1949. Wakaman ni Waislamu na wamo kwenye lile orodha la 135, raia kabisa, lakini Oktoba 2012 na wao nyumba zao zilichomwa, hapo ndo udini wenyewe unauona. Na Warakhine wenyewe, Wabudha, majirani wa Warohingya, jimbo lao ni kati ya yale maskini kabisa, na wao wana kinyongo chao na serikali kuu cha muda mrefu. Maskini wawili wanagombana na mwenye bunduki anaangalia.

Swali la kijana lilikuwa kwanini baada ya kufunguliwa. Angalia hivi, mtawa anaitwa Wirathu alifungwa 2003 kwa kuchochea watu dhidi ya Waislamu. Januari 2012 wafungwa wanaachiwa kwa msamaha dunia inapiga makofi, na yeye akatoka. Akakuta magazeti hayakaguliwi tena kama zamani, mwaka 2014 laini za simu zikashuka bei kutoka mamia ya dola mpaka kama dola moja na nusu, na kwa watu wengi kule Facebook ndo ilikuwa intaneti yenyewe. Nchi imefungiwa habari miaka 50, ghafla kila mtu ana simu mkononi na picha ya kwanza anayotumiwa ni maiti na maneno "wamefanya hawa". Mi sisemi wangeendelea kufungwa midomo. Ila walifunguliwa midomo kabla sheria ya kumlinda mnyonge haijawekwa, na yule mnyonge hana hata kitambulisho cha kwenda nacho polisi.

Bi_Newala
Nimesoma nikashindwa kulala, hili la kitambulisho sisi Wamakonde tunalijua. Kaka yake bibi yangu, tunamuita babu, alitoka Mueda, Msumbiji, akiwa kijana akapita kwetu Newala akaenda Kenya, Kwale, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akaoa huko akazaa huko. Wanae na wajukuu zake wote hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote, Kenya wanaambiwa nyie wa Msumbiji, Msumbiji hawawajui. Mtoto anasoma mpaka anafika mahali anaishia hapo. Laini ya simu anasajiliwa na jirani, pesa zake zinapita kwenye jina la mtu mwingine, siku jirani akiamua kukudhulumu unaenda kushtaki wapi na wewe haupo? Waliishi hivyo miaka yote mpaka Oktoba 2016 walipoanza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wazee kwa vijana. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaomba radhi, akaagiza wapewe vitambulisho, wakawa kabila la 43.

Na mimi mwenyewe huku huku kwetu, nimezaliwa Newala na mama kazaliwa Newala, nilienda ofisi moja nikaulizwa babu yako kazaliwa upande gani wa Ruvuma. Nilirudi mara tatu. Hakuna aliyenitukana ila nilitoka pale natetemeka mikono, nikawa namfikiria yule mama wa Kirohingya anayeulizwa hivyohivyo na mtu mwenye bunduki.

MwanaMikindani
Dada yangu pole sana. Na wengine wote asanteni, nimeprinti maelezo yenu nimempa. Kauliza, mbona aliyewashtaki Myanmar ni Gambia, iko mbali hivyo?

Nachingwea77
Kwasababu mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari unaruhusu nchi yoyote iliyosaini imshtaki mwenzie. Gambia nao walikuwa wametoka tu kwa rais Jammeh, aliyeingia kwa mapinduzi 1994 akakaa miaka 22. Waziri wao wa sheria, Abubacarr Tambadou, aliwahi kufanya kazi upande wa mashtaka kwenye ile mahakama ya Rwanda iliyokuwa hapa kwetu Arusha. 2018 akaenda Cox's Bazar, Bangladesh, kwenye kambi, akawasikiliza wakimbizi, akaona ni yaleyale aliyoyasikia kwenye kesi za Rwanda. Novemba 2019 wakafungua kesi, Januari 23, 2020 majaji wote kwa sauti moja wakaiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki.

Na mwambie kijana kitu kimoja ambacho mimi kilinigusa. Jeshi lilipopindua tena Februari 1, 2021 likaanza kuwapiga risasi vijana wa Yangon, baadhi ya vijana hao wakaanza kuandika mitandaoni kuwaomba radhi Warohingya, wakisema sasa tumeona. Juni mwaka huohuo serikali yao ya upinzani ikaahidi kuifuta sheria ya 1982.

MwanaMikindani
Bi Newala, kijana anauliza tena, samahani kama linauma. Yule babu kitambulisho alikipata?

Bi_Newala
Haliumi mwanangu, uliza tu. Hakukipata, alifariki 2013. Mwanae wa kwanza ndo alipata baada ya yale matembezi, nilienda kumuona mwaka uliofuata akanitolea. Kakifunga kwenye kona ya kanga kama hela. Mahali pa kuzaliwa wameandika Kwale.