Nimelipia uwanja wa gofu, nikapewa kitanda! Huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na ule wa hoteli za Ulaya. Nina hasira zangu mahususi.

Kuna klabu moja kongwe ya gofu pwani ya mashariki ya Scotland, jina kapuni maana suala liko benki. Wana nyumba ya wageni ndani ya uwanja wenyewe, na wanauza kifurushi: chumba, kifungua kinywa na kucheza mashimo 18, yaani raundi nzima ya gofu. Mimi na shemeji tukalipa mapema, tukatoka Birmingham na mabegi ya fimbo, treni juu ya treni, katikati ya Oktoba.

Tunafika, ubaoni pale mapokezi kuna karatasi imebanwa kwa pini: Jumamosi mashindano ya wanachama, wageni waanze saa 10 jioni. Saa 10! Wakati huo wa mwaka kule jua linazama saa 12 na ushee, na mashimo 18 yanakula kama masaa manne. Tumalizie na tochi? Dada wa mapokezi hata macho hakuinua: "Ratiba ya wanachama hutoka mwanzo wa mwaka." Sasa kama mliijua tangu Januari, pesa yangu ya Agosti mliipokea ya nini?

Tukacheza mashimo machache, upepo wa bahari unarudisha mpira ulikotoka, giza likatufukuza. Chumba nacho, picha ilionyesha bahari, dirisha letu linatazama mapipa ya taka ya jikoni. Kipasha joto hakiwaki. Ukutani wamejaza picha za mabingwa wa enzi za fimbo za mti. Historia ipo, maji moto hakuna.

Na msiniambie eti viwanja vya zamani ndivyo vilivyo. Old Course ya St Andrews, uwanja wa kale kulekule Scotland, waliopunguza mashimo kutoka 22 hadi 18 mwaka 1764 na dunia ikafuata, Jumapili hufungwa watu wakatembeza mbwa. Majira ya baridi unapiga mpira juu ya kijimkeka ili nyasi zisiumie. Kama hukuweka nafasi mapema, unaingia kwenye kura ya nafasi siku mbili kabla ya kucheza. Masharti magumu, ila unayajua kabla hujatoa hela. (Wa "si ungebaki na uwanja wa Lugalo pale Dar", nawaona, piteni tu.)

Nimedai changu kwa ile klabu, wamejibu hawarudishi, wananipa vocha ya chakula mgahawani kwao. Yaani nipande treni tena kufuata supu! Bahati nililipa kwa kadi ya mkopo, na kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya Uingereza ya 1974 kinaibana benki pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100. Picha ya ile karatasi ya ubaoni ninayo. Aliyepita njia hii aniambie, benki watataka na tangazo lenyewe la kifurushi? Maana jana nimechungulia tovuti yao, wameshalibadilisha.